Chakula cha Nguruwe na Afya ya Utumbo Wake

1. Watoto tisa wa nguruwe

Tuseme kwamba shule yenu ina banda la nguruwe. Mmelijenga wenyewe kwa miti na mabanzi, na sakafu yake mmeipiga saruji. Nguruwe jike wa shule alichukua mimba, na baada ya siku 114, yaani miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, alizaa watoto tisa. Watoto hao walinyonya vizuri, wakanenepa na ngozi zao zikang'aa. Walipotimiza wiki tano, wanafunzi wa zamu waliwatenga na mama yao siku moja tu, wakaanza kuwapa pumba za mahindi zilizokorogwa kwa maji.

Siku ya tatu watoto wanne walianza kuharisha. Kinyesi chao kilikuwa majimaji, manyoya yalisimama na macho yaliingia ndani. Siku ya tano wawili walikufa. Fedha ambazo zingepatikana kwa kuwauza nguruwe hao zilikusudiwa kununulia madawati. Kila mtu shuleni alihuzunika.

Jirani mmoja mwenye nia njema akawashauri hivi: "Nendeni dukani mkanunue vidonge vya kuua vijidudu. Visageni, mchanganye unga wake ndani ya pumba, muwape nguruwe wote kila siku. Hawataharisha tena, tena watanenepa upesi."

Je, mwufuate ushauri huo? Ili tuweze kujibu swali hili, hatuna budi kwanza kujua jinsi chakula kinavyosagwa tumboni mwa nguruwe, kwa nini watoto wake huharisha wanapoachishwa ziwa, na ni vitu gani vinavyoweza kuongezwa katika chakula chao ili utumbo uwe na afya.

Ufugaji wa nguruwe umeenea katika sehemu nyingi za nchi yetu, hasa katika mikoa ya Nyanda za Juu za Kusini kama vile Mbeya, Songwe, Njombe, Iringa na Ruvuma. Baadhi yenu hamfugi wala hamli nguruwe kwa sababu ya dini zenu, na jambo hilo ni la kuheshimiwa. Hata hivyo somo hili linawahusu ninyi pia. Njia ya chakula ya nguruwe inafanana sana na ya binadamu, na dawa tutakazozitaja hutumika pia kwa kuku, ng'ombe na watu.

2. Safari ya chakula

Mwaka uliopita pengine ulijifunza kwamba ng'ombe ana tumbo lenye vyumba vinne, na kwamba hucheua. Nguruwe hacheui. Tumbo lake lina chumba kimoja tu, kama lako. Kwa sababu hiyo hawezi kuishi kwa majani makavu kama ng'ombe. Huhitaji chakula chenye wanga, protini, mafuta, madini na vitamini.

Safari ya chakula huanza mdomoni. Nguruwe mkubwa ana meno 44 ya kukata na kusaga. Mate hulainisha chakula na kuanza kuvunja wanga kidogo. Kutoka mdomoni chakula hupita kwenye umio na kuingia tumboni. Humo hukutana na asidi kali. Asidi hiyo hufanya kazi mbili: husaidia kuvunja protini, na huua vijidudu vingi vilivyomezwa pamoja na chakula. Kwa hiyo tumbo ni kama mlinzi anayesimama mlangoni na kuwakagua wote wanaoingia.

Baada ya hapo chakula huingia katika utumbo mwembamba. Usidanganywe na neno "mwembamba". Kwa nguruwe mkubwa, utumbo huo hufikia urefu wa mita 15 hadi 20, yaani zaidi ya urefu wa darasa lenu. Humo humiminiwa nyongo kutoka kwenye ini, na maji mengine ya kusagia chakula kutoka kwenye kongosho. Maji hayo yana vimeng'enya. Kimeng'enya ni kitu kinachotengenezwa na kiumbe hai kwa ajili ya kuvunja chakula au kuharakisha mabadiliko mengine mwilini. Kimeng'enya kimoja huvunja wanga, kingine huvunja protini, kingine huvunja mafuta. Kila kimoja kina kazi yake, kama ufunguo na kufuli lake.

Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba umejaa vijidole vidogo sana visivyoonekana vizuri kwa macho matupu. Vijidole hivyo hufyonza chakula kilichokwisha kuvunjwa na kukiingiza katika damu. Vijidole vikiwa virefu na vyenye afya, mnyama hufaidi chakula chake. Vikifupika au vikiumia, chakula hupita tu bila kufyonzwa.

Mwisho, mabaki huingia katika utumbo mpana. Humo wanaishi bakteria wengi sana. Wengi wao ni rafiki wa nguruwe, kwa kuwa huvunja nyuzinyuzi ambazo vimeng'enya vya mwili haviwezi kuzivunja. Utumbo mpana hufyonza maji yaliyobaki, na kinyesi hutoka kikiwa kigumu kiasi.

3. Siku za hatari

Mtoto wa nguruwe huzaliwa akiwa karibu hana kinga yoyote ya magonjwa. Kinga yake ya kwanza huipata katika dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama. Ni lazima anyonye dang'a katika siku yake ya kwanza, maana baada ya hapo utumbo wake hauwezi tena kuipitisha kinga hiyo ndani ya damu.

Wakati wa kunyonya, tumbo la mtoto halitoi asidi ya kutosha. Lakini asili imempatia msaada. Bakteria rafiki wanaoishi tumboni mwake huigeuza sukari ya maziwa kuwa asidi ya maziwa. Asidi hiyo ndiyo inayomlinda.

Sasa fikiri linalotokea siku anapoachishwa ziwa. Maziwa yanakatika ghafla, na pamoja nayo sukari ya maziwa na kinga ya mama. Tumbo lake bado halijaweza kutengeneza asidi nyingi. Vimeng'enya vyake vimezoea maziwa, havijazoea mahindi. Ametengwa na mama yake, ana hofu, pengine anasikia baridi, na siku ya kwanza hali kitu. Utumbo usiopata chakula hudhoofika, na vile vijidole vyake hufupika. Kisha njaa inapomzidi hula pumba nyingi kwa mara moja. Chakula hicho hakisagwi chote. Kinachobaki huwa karamu ya bakteria wabaya, hasa aina fulani za bakteria waitwao E. coli. Bakteria hao hujishika kwenye ukuta wa utumbo na kutoa sumu inayofanya maji ya mwili yamiminike ndani ya utumbo. Hapo mtoto huharisha. Kinachomwua upesi ni kupotewa na maji na chumvi za mwili.

Kwa hiyo watoto wale wawili wa nguruwe hawakufa kwa bahati mbaya. Waliachishwa ziwa ghafla, wakapewa chakula kimoja tu kisichowafaa, maana pumba zina nyuzinyuzi nyingi na protini kidogo.

4. Viongezo vya chakula

Mpishi akipika mchuzi hutia chumvi kidogo. Chumvi si chakula kinachoshibisha, lakini bila hiyo mchuzi haukamiliki. Vivyo hivyo, katika chakula cha mifugo kuna vitu vinavyotiwa kwa kiasi kidogo ili kukikamilisha, kukilinda, au kumsaidia mnyama akisage vizuri. Vitu hivyo tutaviita viongezo. Hebu tutazame aina zake kubwa.

(a) Madini na vitamini. Hivi hujenga mifupa, damu na viungo vingine. Chokaa ya mifugo huleta kalisi kwa ajili ya mifupa na meno. Chumvi ya kawaida huhitajika pia, lakini kwa kipimo. Nguruwe anayekula chumvi nyingi na kukosa maji ya kunywa hupatwa na ubongo, huyumba kama kipofu, hutetemeka na huweza kufa.

Mfano mzuri wa umuhimu wa madini ni chuma. Mtoto wa nguruwe huzaliwa na akiba ya miligramu 50 hivi za chuma. Kila siku mwili wake huhitaji miligramu 7 hivi, lakini maziwa ya mama humpa miligramu 1 tu. Fanya hesabu. Upungufu ni miligramu 6 kila siku. Ukigawa 50 kwa 6 utaona kwamba akiba yake hukaribia kwisha baada ya siku nane hivi. Nguruwe wa porini hupata chuma kwa kufukua udongo kwa pua. Aliyefungiwa kwenye sakafu ya saruji hana udongo wa kufukua. Ndiyo maana wataalamu wa mifugo humchoma sindano ya chuma katika siku zake za kwanza. Asipopata chuma hupungukiwa damu, hupauka na kudhoofika, na magonjwa ya kuharisha humshinda kwa urahisi.

(b) Vimeng'enya. Nafaka zina madini ya fosforasi, lakini sehemu kubwa yake, kama theluthi mbili hivi, imefungwa ndani ya kitu kiitwacho fitati. Nguruwe hana kimeng'enya cha kutosha cha kuifungua fitati hiyo. Hivyo fosforasi huingia mdomoni na kutoka katika kinyesi bila kumfaa. Hasara yake ni mbili. Mfugaji hulazimika kununua fosforasi nyingine, na kinyesi kikisombwa na mvua mpaka mtoni au ziwani, fosforasi hiyo hurutubisha mimea ya majini ikazidi kiasi na kuwanyima samaki hewa. Mwaka 1991, katika nchi ya Uholanzi, kilianza kuuzwa kimeng'enya kiitwacho fitase. Kikichanganywa na chakula, huifungua fosforasi ya nafaka tumboni mwa nguruwe. Leo kimeng'enya hicho hutumika katika nchi nyingi.

(c) Asidi. Kwa kuwa tumbo la mtoto aliyeachishwa ziwa halina asidi ya kutosha, wafugaji wengine humwongezea asidi nyepesi katika chakula au maji. Miongoni mwa hizo ni asidi ya maziwa na ile iliyomo katika malimau. Uchachu huo huwazuia bakteria wabaya wasizaliane. Katika nchi ya Denmark wafugaji wengine huchachusha chakula cha majimaji kabla ya kuwapa nguruwe. Jambo hili si geni kwetu. Bibi zetu walijua tangu zamani kwamba togwa na maziwa ya mgando hukaa siku kadhaa bila kuoza, wakati uji mtamu na maziwa mabichi huharibika upesi. Sababu ni ile ile asidi ya maziwa.

(d) Bakteria rafiki. Wakati mwingine chakula huongezwa bakteria wema walio hai, au hamira. Shamba lililojaa mahindi mazuri huyanyima magugu nafasi. Vivyo hivyo utumbo uliojaa bakteria wema huwanyima bakteria wabaya nafasi na chakula. Viongezo vya namna hii havifai vikikaa juani au vikichemshwa, kwa kuwa bakteria hao hufa.

(e) Vifyonza sumu. Mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huota kuvu, na kuvu wengine hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hii huharibu ini la mnyama na la mtu pia. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine kufariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Kuna aina za udongo wa mfinyanzi uliotayarishwa kwa kazi hii, ambao ukiongezwa katika chakula cha mifugo huishika sehemu ya sumu ndani ya utumbo isifyonzwe. Lakini kinga iliyo bora ni kukausha mahindi vizuri na kutowalisha nguruwe mahindi yaliyoota kuvu.

5. Jaribio: Kimea na uji

Tunaweza kuona kwa macho yetu jinsi kimeng'enya kinavyofanya kazi. Kimea ni nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa. Mbegu inapoota hutengeneza vimeng'enya vya kuvunja wanga ili kuulisha mche mchanga.

Vifaa: uji mzito sana wa mahindi, bakuli tatu, unga wa kimea cha ulezi, unga wa ulezi usiooteshwa, kijiko, maji, sufuria ndogo na moto. Mwalimu awepo wakati wa kutumia moto.

Hatua:
1. Weka uji wa kiasi sawa katika bakuli A, B na C. Uache upoe mpaka uwe vuguvugu.
2. Changanya kijiko kimoja cha unga wa ulezi usiooteshwa na vijiko vitatu vya maji. Tia katika bakuli A, ukoroge.
3. Changanya kijiko kimoja cha unga wa kimea na vijiko vitatu vya maji. Tia katika bakuli B, ukoroge.
4. Changanya tena kijiko kimoja cha kimea na vijiko vitatu vya maji, lakini safari hii chemsha kwa dakika tano huku ukikoroga. Ukikauka, ongeza maji kidogo. Uache upoe, kisha tia katika bakuli C, ukoroge.
5. Ngoja dakika 15. Inua uji wa kila bakuli kwa kijiko na uangalie unavyodondoka.

Umeona nini? Uji wa bakuli B umekuwa mwepesi, unamiminika. Uji wa A na wa C umebaki mzito. Kimeng'enya cha kimea kimeuvunja wanga wa uji katika bakuli B. Katika bakuli A hapakuwa na kimeng'enya cha kutosha. Katika bakuli C kilikuwapo, lakini moto ulikiharibu.

Jaribio hili linatufundisha mambo mawili. Kwanza, kitu kidogo kinaweza kubadili chakula kingi. Pili, si kila kiongezo kinastahimili moto. Lakini moto nao una faida yake. Soya mbichi ina kitu kinachokizuia kimeng'enya cha kuvunja protini kisifanye kazi yake katika utumbo wa nguruwe. Soya ikikaangwa au kuchemshwa vizuri, kizuizi hicho huharibika, na soya huwa chakula chema chenye protini nyingi.

6. Habari ya dawa za kuua bakteria

Sasa turudi kwenye ushauri wa jirani. Dawa za kuua bakteria huitwa viuavijasumu, na wengi huziita antibiotiki. Zimeokoa maisha ya watu na wanyama wasiohesabika. Ilikuwaje zikaingia katika chakula cha nguruwe?

Mwaka 1950 wanasayansi wawili wa Marekani, Thomas Jukes na Robert Stokstad, walitangaza jambo la ajabu. Walikuwa wakiwalisha vifaranga mabaki ya kiwanda cha kutengenezea kiuavijasumu, wakitafuta vitamini. Waligundua kwamba vifaranga walikua upesi kuliko ilivyotazamiwa, na kwamba sababu yake ilikuwa ile dawa kidogo iliyobaki humo. Tangu hapo wafugaji wa nchi nyingi walianza kutia viuavijasumu kidogo katika chakula cha kuku na nguruwe kila siku, hata kama wanyama hawakuwa wagonjwa.

Lakini bakteria wana hila yao. Bakteria mmoja akipata joto na chakula cha kutosha huweza kugawanyika kuwa wawili kila baada ya dakika 20. Baada ya saa moja watakuwa 8, na baada ya saa tatu watakuwa 512. Miongoni mwa bakteria wengi hivyo huwapo wachache ambao kwa asili yao wanaistahimili dawa. Dawa kidogo ya kila siku huwaua wale dhaifu na kuwaacha wale sugu. Wasugu hao wakibaki peke yao hupata nafasi yote na chakula chote, wakazaliana. Vibaya zaidi, bakteria sugu huweza kuwapa usugu wao bakteria wa aina nyingine. Kutoka bandani huweza kumfikia mtu kwa njia ya mikono, nyama isiyoiva vizuri, maji au samadi. Siku mtu huyo atakapougua, daktari atampa dawa ile ile, nayo haitamponya.

Kwa sababu hiyo nchi mbalimbali ziliacha desturi hiyo. Sweden iliipiga marufuku mwaka 1986. Nchi zote za Umoja wa Ulaya ziliacha kutumia viuavijasumu vya kukuzia mifugo tangu tarehe 1 Januari 2006. China nayo ilivikataza katika chakula cha mifugo mwaka 2020. Madini ya zinki nayo yaliwahi kutumika huko Ulaya kwa kipimo kikubwa mno ili kuzuia kuharisha. Kipimo hicho kilipigwa marufuku mwaka 2022, kwa kuwa zinki hulimbikizana katika udongo unaotiwa samadi, na pia husaidia kukuza usugu wa bakteria.

Tusifikiri kwamba mabadiliko hayo yalikuwa rahisi. Denmark iliacha kutumia dawa za kukuzia kwa nguruwe wakubwa mwaka 1998, na muda mfupi baadaye kwa watoto walioachishwa ziwa. Nguruwe wakubwa hawakupata shida kubwa. Lakini watoto waliharisha zaidi kwa muda, na ilibidi wagonjwa watibiwe. Wafugaji walijifunza kuboresha chakula, kuongeza usafi na kutoharakisha kuwaachisha ziwa. Kati ya mwaka 1992 na 2008 kiasi cha viuavijasumu kilichotumika kwa kila kilo ya nguruwe aliyezalishwa kilipungua karibu nusu, na bado ufugaji wa nguruwe wa nchi hiyo uliendelea kukua.

7. Kuchanganya chakula

Chakula cha nguruwe wanaokua kinaweza kuchanganywa kwa vitu vinavyopatikana vijijini. Huu ni mfano mmoja wa mchanganyiko wa kilo 100:

Pumba laini za mahindi: kilo 72
Mashudu ya alizeti: kilo 18
Dagaa waliosagwa: kilo 8
Chokaa ya mifugo: kilo 1 na gramu 250
Chumvi: gramu 500
Mchanganyiko wa vitamini na madini: gramu 250

Tazama mstari wa mwisho. Gramu 250 katika kilo 100 ni sawa na gramu mbili na nusu tu katika kila kilo. Ukizimwaga gramu hizo juu ya lundo na kukoroga mara moja, nguruwe mmoja atapata nyingi mno na mwingine hatapata kitu. Kwa hiyo anza na kidogo. Changanya gramu 250 hizo na kilo moja ya pumba mpaka rangi iwe moja. Kisha changanya kilo hiyo na kilo 10. Mwisho, tandaza mchanganyiko huo juu ya lundo lote na uligeuze kwa koleo mara tatu au zaidi. Soma maandishi yaliyo juu ya mfuko kila mara. Yakitaja kipimo kingine, fuata hayo. Usizidishe kwa kudhani kwamba kingi ndicho bora.

Watoto waliokwisha kuachishwa ziwa huhitaji chakula laini zaidi na chenye protini zaidi kuliko huu. Mwulizeni bwana mifugo awasaidie kuupanga.

8. Kiongezo hakitoshi

Hakuna kiongezo kinachoweza kuchukua nafasi ya banda safi. Nguruwe anayelala juu ya kinyesi na kunywa maji machafu ataugua, hata chakula chake kiwe kizuri namna gani. Mfugaji mwema hufanya yafuatayo:

Huhakikisha kila mtoto ananyonya dang'a.
Kuanzia wiki ya pili au ya tatu huwaonjesha watoto chakula kikavu kidogo kidogo wakiwa bado wananyonya, ili vimeng'enya vyao vizoee.
Hawaachishi ziwa mapema mno wala ghafla.
Baada ya kuwaachisha, huwapa chakula kidogo mara nyingi kwa siku, na maji safi wakati wote.
Huwaweka mahali pakavu pasipo na baridi wala upepo.
Huosha kihori kila siku na kuondoa chakula kilichochacha ovyo.
Hawapi nguruwe mabaki ya vyakula bila kuyachemsha vizuri, kwa kuwa mabaki yenye nyama ya nguruwe huweza kuleta homa ya nguruwe ya Afrika. Ugonjwa huo, ulioelezwa kwa mara ya kwanza kutoka Kenya mwaka 1921, hauna tiba.
Hawaachi nguruwe wazurure, na hutumia choo, ili nguruwe wasile kinyesi cha watu na kupata mayai ya tegu.

Sasa tunaweza kumjibu jirani yetu kwa adabu. Tutamwambia: "Asante kwa ushauri wako, mzee. Lakini vidonge hivyo ni dawa ya wagonjwa, si chakula cha kila siku. Tukivitumia ovyo leo, kesho havitamponya nguruwe wala mtoto wako." Watoto wanaoharisha watatengwa, watapewa maji safi, na bwana mifugo ataitwa siku hiyo hiyo. Yeye akiona ni lazima, ataagiza dawa, kipimo chake na idadi ya siku. Dozi yote itamalizwa, na nguruwe aliyetibiwa hatachinjwa mpaka siku za kusubiri zitimie. Wale watoto saba waliobaki watabadilishiwa chakula. Na uzao ujao tutaanza kuutunza tangu siku ya kwanza, si siku ya kuharisha.

Mambo ya kukumbuka

1. Nguruwe ana tumbo la chumba kimoja, kama binadamu.
2. Asidi ya tumboni husaidia kusaga chakula na huua vijidudu vingi.
3. Mtoto wa nguruwe yumo katika hatari kubwa siku za kwanza baada ya kuachishwa ziwa.
4. Viongezo ni vitu vinavyotiwa katika chakula kwa kiasi kidogo ili kukikamilisha, kukilinda au kusaidia kisagwe.
5. Viuavijasumu ni dawa. Vikitumiwa ovyo huleta bakteria sugu wanaowadhuru wanyama na watu.
6. Usafi, maji na chakula bora hutangulia kiongezo chochote.

Maswali

1. Eleza tofauti kati ya tumbo la ng'ombe na tumbo la nguruwe.
2. Vijidole vya utumbo mwembamba vina kazi gani? Hufanyika nini vinapofupika?
3. Kwa nini mtoto wa nguruwe anayefugwa kwenye sakafu ya saruji hupungukiwa chuma kwa urahisi?
4. Katika jaribio la kimea, bakuli A ilikuwa na faida gani? Bakuli C ilitufundisha nini?
5. Taja aina nne za viongezo na kazi ya kila kimoja.
6. Bakteria mmoja anagawanyika kila baada ya dakika 20. Watakuwa wangapi baada ya saa mbili?
7. Shule ina kilo 60 za chakula cha nguruwe. Ikiwa kilo 100 huhitaji gramu 500 za chumvi, shule itie gramu ngapi?
8. Mwenzako anasema, "Dawa kidogo kila siku haiwezi kudhuru." Mweleze kosa lake.

Kazi ya kufanya

Mtembelee mfugaji mmoja wa kuku, ng'ombe au nguruwe aliye karibu nanyi. Mwulize kwa heshima anawalisha nini wanyama wake, anapima vipi chumvi na madini, na hufanya nini mnyama anapoharisha. Andika majibu yake katika daftari lako, kisha mwajadili darasani: ni yapi tuyaige, na ni yapi tumweleze kwa upole?